Kuitembelea Pangani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mji, Mto, Chakula na Visiwa

Pangani ni mji mdogo wa mkoa wa Tanga, kaskazini mwa pwani ya Tanzania, uliojengwa pale mto wenye jina hilo hilo unapoingia Bahari ya Hindi. Majibu yafuatayo yanamlenga msafiri anayetaka kuujua mji wenyewe, kula chakula chake na kufika visiwani. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, nalo ni maji, kwa sababu kupwa na kujaa kwake ndiko kunakoamua lini utavuka, lini samaki watafika sokoni na kama kisiwa unachokwenda kukiona kitakuwapo siku hiyo.

Pangani iko wapi hasa, na nitafikaje?

Mji uko kiasi cha kilomita 50 kusini mwa jiji la Tanga. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi hupita Chalinze na Segera hadi Tanga, safari ya kilomita 350 hivi, kisha hupanda basi jingine kuelekea Pangani. Wenye magari yao wanaweza kukata kona Muheza na kuteremka moja kwa moja hadi pwani. Barabara ya Tanga hadi Pangani ni sehemu ya mradi mrefu wa kuiunganisha Tanga na Bagamoyo kwa lami kupitia Saadani, kwa hiyo hali yake imekuwa ikibadilika. Ukiwa Tanga, waulize madereva stendi, maana wao ndio wanaoijua kama ilivyo wiki hiyo.

Vilevile zipo ndege ndogo zinazotua katika uwanja wa Mashado, na hizo hutumiwa zaidi na wageni wanaotoka Zanzibar kwenda kulala katika hoteli za ufukweni.

Nasikia mji umegawanywa na mto. Nikae upande gani?

Mji wenye soko, msikiti wa Ijumaa, Boma na ofisi za wilaya uko ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ya kusini kuna Bweni, kijiji kilicho chini ya kilima chenye miti, na kutoka Bweni ndiko inakoanza njia ya kwenda Ushongo, Kipumbwi na Saadani. Kwa miaka mingi magari na watu wamevushwa kwa pantoni, na wenye haraka au wasio na gari huvuka kwa mitumbwi na boti ndogo. Daraja lenye urefu wa mita 525 limekuwa likijengwa karibu na mdomo wa mto. Kabla hujapanga safari ya kusini, hakikisha kama magari yanapita juu yake au bado yanapanga foleni gatini.

Wageni wengi hulala Ushongo, ufukwe mrefu wa mchanga ulio kilomita 15 hivi kusini mwa Bweni, kwa sababu huko ndiko ziliko nyumba za wageni zilizoelekea bahari. Sioni kosa katika hilo, ila anayefanya hivyo mara nyingi huuona mji wa Pangani kupitia dirisha la gari tu. Ushauri wangu ni kulala angalau usiku mmoja mjini, kwenye nyumba ya kawaida ya wageni, ili uamke wakati mto umetulia na wavuvi wanapanga nyavu zao, kabla jua halijawa kali.

Kwa nini mji mdogo namna hii unaitwa wa kihistoria?

Kwa sababu udogo wake ni wa baadaye. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mojawapo ya milango mikubwa ya Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Misafara iliyokwenda Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai ilianzia hapa, na pembe za ndovu na watumwa waliotekwa bara waliteremshwa hapa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na Pemba. Watumwa wengine hawakuvushwa; walibakishwa katika mashamba ya miwa yaliyokuwa kandokando ya mto, wakifanya kazi ya kukata miwa na kuchemsha sukari kwa faida ya matajiri wa mjini. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika hapa mwaka 1857, na mwaka 1887 msafara mkubwa wa kabaila wa Kihungari, Count Teleki, ulianzia Pangani kuelekea kaskazini hadi ziwa linaloitwa leo Turkana.

Kisha ukaja mwaka 1888. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa, alikuwa amelikodishia shirika la Kijerumani haki za kutawala na kutoza ushuru pwani ya bara. Mwezi Agosti wakala wa shirika hilo, Emil von Zelewski, alifika Pangani na kutaka bendera ya shirika ipepee, akamdharau liwali wa Sultani, na watu wake wakaingia msikitini na mbwa wakati wa ibada. Kilichofuata ni uasi ulioenea karibu pwani yote. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji, ambaye alisimama pamoja na Bwana Heri wa Saadani, wenyeji wa mjini, na watu wa bara waliokuwa na malalamiko yao wenyewe. Serikali ya Ujerumani ililazimika kumtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodi. Pangani ilitekwa tena Julai 1889, na Abushiri akakamatwa baada ya kukimbilia bara, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo: aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891.

Mgeni anayeijua habari hii huutazama mji kwa jicho jingine. Ni vyema pia akumbuke kwamba Abushiri alikuwa shujaa wa kupinga ukoloni na wakati huo huo mtu wa tabaka lililomiliki watumwa. Wazee wa Pangani wanazisimulia pande zote mbili bila taabu, na anayetaka kusikia upande mmoja tu atakosa nusu ya hadithi.

Baada ya vita mji haukurudia hali yake. Reli ilijengwa kutoka Tanga kwenda Usambara na baadaye Moshi, meli kubwa zikaifuata bandari yenye kina kirefu ya Tanga, na mdomo wa Pangani wenye fungu la mchanga ukabaki kwa majahazi na wavuvi. Kwa ajili hiyo nyumba nyingi za zamani hazikubomolewa kupisha mpya. Hazikukarabatiwa pia.

Je, Boma na majengo mengine ya kale yanaweza kutembelewa?

Boma la Pangani husemwa kuwa lilijengwa mwaka 1810 na tajiri wa Kiomani, kisha likaongezwa na kubadilishwa wakati wa Wajerumani, na kwa muda mrefu limetumiwa kwa shughuli za serikali. Milango yake ya kuchonga inastahili kutazamwa taratibu. Watembezaji watakusimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Hilo ni simulizi la mdomo na lisikilizwe hivyo, ingawa kuendelea kwake kusimuliwa kunaonyesha jinsi mji unavyoikumbuka enzi ile. Kwa kuwa ni mahali pa ofisi, omba ruhusa kabla ya kuingia na kabla ya kupiga picha.

Kando ya mto yapo magofu ya nyumba za wafanyabiashara na maghala, baadhi yakiwa na baraza na madirisha ya mbao bado mahali pake, mengine yameota miti ukutani. Usiingie ndani ya gofu bila mwenyeji: kuta za chokaa na mawe ya matumbawe huanguka bila kutoa taarifa. Mtembezaji wa mjini, anayepatikana kupitia ofisi ya utalii au nyumba ya wageni, hugharimu kiasi kidogo na hukufungulia milango ambayo ukiwa peke yako utaipita.

Kuna habari gani kuhusu mkonge?

Fupi lakini kubwa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo ulizaliwa mkonge wote wa Tanganyika, nchi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Mashamba utayaona njiani, mistari iliyonyooka hadi macho yachoke, na ukimwomba dereva asimame atasimama.

Mbali na majengo, utamaduni wa Pangani nitauona wapi?

Barazani, sokoni na kwenye sherehe, kwa mpangilio huo. Pangani haina jumba kubwa la makumbusho lenye tiketi na maelezo ukutani, na anayetafuta hilo atarudi amekasirika. Jioni, baada ya sala ya alasiri, wazee huketi kwenye baraza za nyumba, muuza kahawa hupita na dele lake na vikombe vidogo, na mazungumzo huanza kwenye bei ya samaki yakaishia kwenye siasa za miaka ya 1950. Mgeni anayesalimia kwa adabu hukaribishwa.

Kwa wapenzi wa lugha, njia ya kuja huku ina uzito wake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, kusini kidogo ya Tanga, na huko huko alizikwa mwaka 1962. Alitumikia Idara ya Forodha kwa miaka mingi, na Pangani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vya kazi. Ukisimama karibu na gati wakati wa machweo si vigumu kumwona kijana wa forodha akihesabu magunia mchana na kutunga beti usiku. Mwimbaji wa taarabu Bi Shakila, ambaye sauti yake ilijulikana Afrika Mashariki nzima kupitia vikundi vya Tanga, naye alizaliwa Pangani. Harusi za mjini bado hupigiwa taarabu, na mwezi wa Maulidi husomwa maulidi ya usiku kucha. Shughuli za namna hii hazitangazwi kwa wageni. Mwenyeji wako ndiye atakayekuambia, na akikualika, vaa vizuri na usiende mikono mitupu.

Mto wenyewe una nini cha kuona?

Mto Pangani una urefu wa kilomita 500 hivi. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita nyika ya Wamasai na chini ya milima ya Pare na Usambara, yanazungusha mitambo ya umeme kule Hale, kisha yanafika hapa yakiwa mapana, ya rangi ya udongo na yasiyo na haraka. Safari ya boti kupanda mto huchukua saa mbili au tatu. Hupita kwanza kwenye mikoko, halafu minazi, halafu mashamba ya wakulima, na ndege ni wengi kiasi cha kumtosheleza hata asiyejua majina yao: mdiria, korongo, na tai wanaokaa juu ya minazi kama walinzi.

Panda mto maji yanapojaa na urudi yanapopwa, ili mkondo ukusaidie kwenda na kurudi. Nahodha mzuri atakupangia hivyo bila kuulizwa. Asipofanya hivyo, mwulize sababu.

Wenyeji watakuambia pia kwamba maji ya chumvi yanapanda mtoni zaidi kuliko zamani. Maji mengi huchukuliwa huko juu kwa kilimo cha umwagiliaji na kufungiwa kwa ajili ya umeme, hivyo mto unafika pwani umedhoofika na bahari inaingia ndani. Minazi iliyokauka vichwa utakayoiona kwenye kingo ni sehemu ya habari hiyo.

Naweza kuogelea mtoni?

Hapana. Kuna mamba. Ogelea baharini, mbali na mdomo wa mto.

Maziwe ni kisiwa au ni fungu la mchanga?

Kilikuwa kisiwa, sasa ni fungu, na jina la zamani limebaki. Maziwe kipo kusini mashariki mwa mji, kilomita 8 hivi kutoka pwani. Wazee wanaokikumbuka wanasimulia msitu wa mivinje, wavuvi waliolala chini yake na kasa waliopanda kutaga kwa wingi. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, miongoni mwa za kwanza nchini. Lakini miti ilikatwa, mawimbi yakala mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 msitu ulikuwa umekwisha. Leo hakuna mti hata mmoja. Maji yakijaa, kisiwa chote huzama; yakipwa, huinuka mchanga mweupe usio na unyayo wa mtu, umezungukwa na matumbawe na maji ya rangi mbili tatu za buluu.

Wageni huenda kuogelea kwa miwani ya maji, kutazama samaki wa matumbawe, na kukaa juu ya mchanga kwa saa chache. Ada ya hifadhi hulipwa kwa mamlaka inayosimamia hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na viwango vya raia ni tofauti na vya wageni wa nje. Omba stakabadhi. Boti nyingi huijumuisha ada hiyo katika bei yao, nyingine hazijumuishi, na ugomvi mwingi ninaousikia ufukweni unaanzia hapo.

Hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, hakuna choo. Chukua mwavuli au turubai, maji ya kutosha na kofia, vaa fulana unapoogelea ili mgongo usiungue, na urudi na taka zako zote. Usisimame juu ya matumbawe wala kuokota kombe.

Nitajuaje siku na saa nzuri ya kwenda Maziwe?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na wageni wengi huliuliza wakiwa wamechelewa. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mzunguko wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku saa ya kupwa husogea mbele karibu saa nzima. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Huo ndio wakati wa kupanga safari ya Maziwe: unaondoka saa mbili bahari ikiwa bado shwari, unafika mchanga ukiwa unaibuka, unakaa mpaka adhuhuri, na kurudi kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Siku za maji mafu kupwa huangukia jioni, fungu hutoka dogo, na upepo umekwisha kuamka. Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi ya basi, tazama kalenda ya mwezi. Tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu ni salama kwa kawaida, na kila nyumba ya Pangani ina mtu anayezijua bila kutazama karatasi.

Nahodha akikuambia kwamba "wakati wowote twende tu", tafuta mwingine. Hakikisha pia kwamba boti ina makoti ya kuokolea kwa kila abiria, simu yenye chaji na mafuta ya akiba, na kwamba kuna mtu nchi kavu anayejua mmekwenda wapi.

Je, nitaona kasa?

Pengine. Kasa bado huogelea kwenye matumbawe ya Maziwe na bado hupanda kutaga, lakini mayai yaliyoachwa pale yangezama bamvua la kwanza. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa Ushongo, wakishirikiana na wahifadhi, wamekuwa wakiyahamisha mayai na kuyafukia ufukweni Ushongo, ambako hukaa kiasi cha siku 50 hadi 60 kabla ya kuanguliwa. Ukibahatika kufika siku vifaranga wanapotoka, utaruhusiwa kuwatazama wakishuka majini. Usiwashike, usiwamulike tochi, usisimame mbele yao. Nyama, mayai na magamba ya kasa na ng'amba ni marufuku kununua, hata kama muuzaji ataapa kwamba ni ya zamani.

Kuna visiwa vingine karibu?

Vipo upande wa Tanga: Yambe na Karange, vyenye mikoko na vichaka, na Toten, kisiwa kilicho ndani ya ghuba ya Tanga chenye magofu ya misikiti na makaburi ya Wajerumani, ambayo ndiyo asili ya jina lake, kwani neno hilo kwa Kijerumani lina maana ya wafu. Vyote vitatu vimo ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, inayoanzia karibu na mdomo wa Pangani na kwenda kaskazini kupita Tanga kwa urefu wa kilomita 100 hivi. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za madubwana ya kale, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika nyavu zao za kina kirefu kuanzia mwaka 2003. Hutamwona akiogelea, maana hukaa kina cha zaidi ya mita 100, lakini kujua kwamba yupo chini ya boti yako kuna ladha yake.

Ukiwa njiani, simama Tongoni, kilomita 17 kusini mwa Tanga, utazame gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya karne ya 15 hivi, mengine yakiwa na nguzo. Ni katika miamba ya karibu na hapo, Januari 1499, ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto mojawapo ya meli zake, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha.

Nile nini, na wapi?

Anza asubuhi na mapema. Mahali pa kula pazuri ni kwa mama lishe karibu na soko, kwenye benchi, penye chai ya tangawizi, vitumbua vinavyotoka kaangoni, mihogo, na mbaazi zilizopikwa kwa nazi. Supu ya pweza ipo siku maji yalipopwa vizuri, kwa sababu pweza hutafutwa miambani wakati wa kupwa; siku za maji mafu usimlaumu mpishi.

Mchana ni wali wa nazi na samaki. Hapa niseme jambo ambalo wapishi wa hoteli huwa wanalipuuza. Samaki wa kupaka si samaki aliyemwagiwa mchuzi. Huchomwa kwanza juu ya makaa, akiwa ametiwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili, kisha hupakwa tui zito lililochemshwa na viungo na ukwaju hadi likawa kama uji, akageuzwa, akapakwa tena. Nazi ikunwe siku hiyo hiyo kwa mbuzi na kukamuliwa kwa mkono. Tui jepesi hutangulia chunguni na kasimile huja mwisho, likikorogwa bila kuachwa ili lisikatike. Tui la pakiti hulijua ulimi kabla hujameza. Changu, tasi na kolekole wanafaa kwa pishi hili. Nguru ni mzuri wa kukaanga. Kamba wapo pia, na dagaa wa baharini waliochemshwa na kuanikwa juani hununuliwa kwa kipimo na hufaa kubeba nyumbani.

Ukitaka kumchagua samaki mwenyewe, nenda mnadani boti zinaporudi. Saa hubadilika kulingana na maji, basi uliza jana yake. Mnunuzi asiyejua mnada amwombe mwenyeji amnunulie, kwani bei hupanda kwa mnong'ono na kidole, na wewe utakuwa bado unatafuta miwani. Mama lishe wengi watakupikia samaki uliyemleta kwa malipo kidogo.

Jioni kuna mishikaki, pweza wa kukaanga na mikate ya ufuta. Matunda ni kwa msimu: maembe mwishoni mwa mwaka, na machungwa ya Muheza ambayo hujaza barabara nzima. Madafu hayana msimu.

Nivae nini, na kuna miiko gani?

Mji ni wa Waislamu wengi. Wanawake na wanaume wafunike mabega na magoti wanapotembea mjini; nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Salimia kabla ya kuuliza chochote: "Shikamoo" kwa aliyekuzidi umri, na piga hodi hata kama mlango uko wazi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, na ujue kwamba vibanda vingi hufungwa hadi magharibi, ambapo futari huwa nzuri kuliko chakula cha siku nyingine yoyote. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake na wavuvi wakiwa kazini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Ni miezi gani inafaa?

Kwa bahari, Oktoba hadi Machi, ukiondoa siku za mvua za vuli zinazoweza kunyesha Novemba. Kipindi cha maleleji, upepo unapogeuka kati ya kusi na kaskazi, maji huwa meupe na tulivu kuliko wakati wote. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, barabara za udongo upande wa kusini huharibika. Juni hadi Agosti hewa ni nzuri kwa kutembea mjini, ila kusi huvuma na nahodha anaweza kukataa kutoka.

Fedha na afya?

Chukua shilingi taslimu ukiwa Tanga. Malipo ya simu hukubalika sehemu nyingi, kadi za benki mara chache. Malaria ipo, basi lala ndani ya chandarua. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa.

Siku ngapi zinatosha?

Tatu kwa asiye na haraka: moja ya mji na mto, moja ya Maziwe, moja ya Ushongo au Tongoni. Anayetaka kuongeza Saadani, mbuga iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ambapo wanyama hufika hadi karibu na bahari, aongeze siku mbili.

Na safari ya Maziwe ikiahirishwa kwa upepo?

Kubali, usimbembeleze nahodha. Kama ulilipa kabla, mkubaliane mapema kwamba fedha hurudishwa au siku hubadilishwa. Asubuhi hiyo vuka Bweni, upande kilima kwa miguu, na utauona mji wote chini yako: mabati yenye kutu, minazi, mnara wa msikiti, na mto unaoingiza mstari wa maji ya udongo ndani ya bahari. Siku ya maji kupwa, kukiwa na anga safi, tazama mbali upande wa kusini mashariki. Ule mstari mweupe mwembamba juu ya maji ndio Maziwe.